Safu ya Usumbufu

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1998 hakuna mtu mwenye akili timamu aliyekwenda Rusizi, mbuga ya mdomo wa mto, kutazama ndege. Mwaka ulikuwa umefunguliwa kwa risasi upande wa uwanja wa ndege, barabara ya Gatumba ilijaa vizuizi, na hata wavuvi wa Kajaga walitupa nyavu zao karibu na mchanga. Anouar alikwenda. Alikuwa fundi wa pikipiki wa Bwiza, mtu wa makamo, mpole, mwenye kucha zisizotakata hata siku ya Idi, na tangu mwaka 1990 alikuwa mwanachama wa Chama cha Wachunguzi wa Asili, ambacho mjini wote walikiita kwa Kifaransa, Les Naturalistes. Chama kilihesabu ndege wa majini kila Januari na kila Julai, na miezi mingine Anouar alikwenda peke yake kwa sababu alipenda. Safari hii wenzake watatu waliugua siku moja. Hakuwalaumu. Alisema tu kwamba orodha ya miaka minane haiwezi kukosa Januari, akachukua darubini ya chama, akaenda kulala Kajaga kwa rafiki yake mvuvi ili alfajiri imkute kwenye matete.

Alhamisi saa sita mchana mvuvi huyo, Jovithe, aliingia uani kwao Bwiza akisukuma baiskeli ya Anouar. Mwenyewe hakuwepo.

Raihana, mke wa Anouar, alikuwa akichambua mchele wa futari. Aliitazama baiskeli kwanza, halafu mtu.

"Wamemubeba," Jovithe alisema. "Asubui. Alikuwa amesimama pale kwa mchanga na ile jumeli ku macho, anaandika mu kaye. Patruyi ya waaskari ikatokea. Waliona jumeli, wakaona kaye, wakaona manamba. Mama Hayat, walisema anahesabu waaskari."

"Yeye alisema nini?"

"Alisema ni ndege. Walicheka."

"Walimupiga?"

Jovithe aliegemeza baiskeli ukutani, akaiweka sawa, akaipangusa kiti kwa kiganja. "Tairi ya nyuma iko na upepo kidogo," alisema. "Mutaiangalia."

Hakukubali kukaa. Wakati anatoka alipishana mlangoni na Nsimire, mpangaji wa chumba cha nyuma, aliyekuwa anarudi sokoni na beseni kichwani. Nsimire alikuwa Mkongomani wa Bukavu. Hakufunga Ramadhani, lakini wanawake hawa wawili walipika kwenye mbabula moja ili wasichome mkaa mara mbili, na kila magharibi alipata kikombe chake cha uji kama mtu wa nyumbani. Alisikia habari akiwa bado na beseni kichwani. Aliliweka chini, akakaa kwenye mkeka kando ya Raihana, akaanza kuchambua mchele naye.

*

Mbele ya kambi ya jeshi alikozuiliwa Anouar, wanawake walipanga mstari kando ya ukuta, kila mmoja na chakula cha mtu wake. Raihana alifika Ijumaa saa mbili asubuhi na chupa ya chai yenye uji na tende saba kwenye kitambaa. Ilipofika zamu yake, askari wa mlangoni alifungua chupa, akanusa, akajimiminia kifunikoni, akanywa.

"Naangalia kama iko sumu," alisema. Alijimiminia tena. "Apana. Haiko. Iko sukari mingi tu. Sukari munaitoa wapi, na embago yote iyi, mipaka imefungwa?"

Raihana alitazama chini. Wanawake walio nyuma yake walitazama pembeni, kila mmoja akishukuru kimoyomoyo kwamba leo si yeye. Askari alipomaliza kunywa alimwambia komanda anamtaka.

Komanda alikuwa kijana mwenye miwani, na sauti yake ilikuwa ya taratibu. Hilo lilimtisha Raihana kuliko matusi. Juu ya meza yake palikuwa na darubini ya chama na daftari la mwezi huo, na alilisoma kwa kidole.

"Mwari themanini na saba," alisema. "Mnandi mia mbili arobaini. Muzuri. Sasa sikiliza apa: 'Askari kumi na wawili, wanatoka upande wa barabara, saa kumi na mbili na dakika hamsini.' Mama, askari nao ni ndege?"

Raihana alikitazama kidole kilipokuwa kimesimama.

"Ile ni patruyi yangu. Iliyomukamata. Aliwaona wanakuja, akatazama saa, akaandika. Mutu mwenye akili angekimbia." Komanda alivua miwani. "Anasema ni sheria ya chama chao. Kila kitu kinachorusha ndege lazima akiandike: ni nini, kimetokea wapi, saa ngapi. Sababu ndege wakiruka wanaweza kutua mbele, ukawahesabu mara mbili. Labda ni kweli. Mi naona mutu hawezi kutunga uongo wa namna iyo. Lakini mi sina ruhusa ya kuona tu."

"Ni kweli, komanda. Wallahi, miaka yote anahesabu ndege."

"Basi iko makaye ya miaka yote. Lete. Apana karatasi ya mashini, mashini inaandika kitu chochote. Nataka ya mukono, na wino ya zamani." Alifunga daftari. "Jumatatu saa sita gari inakuja kubeba watu. Akipanda ile gari, haiko tena kwangu. Na sitakudanganya, mama, mi sijue wanaenda nao wapi."

Walimruhusu kumwona Anouar kwa dakika moja, kupitia dirisha. Jicho moja lilikuwa limefumba. Aliuliza habari za Hayat, mtoto wao wa miaka saba, akauliza kama baiskeli imefika.

"Imefika," Raihana alisema.

"Sikumaliza upande wa mashariki," Anouar alisema. Mtu aliyekuwa nyuma yake alimvuta, na dirisha likafungwa.

*

Mkurugenzi wa chama, bwana Astère, alikuwa na ofisi ya vyumba viwili katikati ya mji, yenye picha za ndege kuta zote. Alimpokea Raihana Jumamosi kwa huruma ya kweli. Alimpa kiti, akamfungulia Fanta, akaisukuma mezani mbele yake. Raihana aliacha ikae. Ilipita robo saa ndipo Astère alipoitazama chupa na kukumbuka Ramadhani, akaiondoa huku akiomba msamaha mara tatu, na msamaha ule ukala dakika ambazo Raihana alizihitaji.

"Bwana wako ndiye mchunguzi bora tuliye naye," alisema. "Wengine wanakadiria. Anouar anahesabu."

"Basi njo pamoja na mimi, mukurugenzi. Uwaambie wewe mwenyewe ni chama kilimutuma. Mutu wa suti wanamusikiliza."

Astère alishika kalamu, akaiweka. "Tatizo ni autorisation, ruhusa ya serikali. Ile zone imefungwa. Nikiandika kwamba chama kilimtuma, nimeandika kwamba chama kimevunja sheria. Watafunga ofisi. Na ofisi ikifungwa, nani atalinda Rusizi? Kuna watu wanangoja tu hiyo siku, wakate mikoche yote, walime mpaka kwenye maji."

Hayo hayakuwa visingizio vitupu. Watu hao walikuwepo kweli, na Astère alikuwa amegombana nao miaka mingi. Lakini Raihana hakuja kuzungumza juu ya mikoche.

"Kwa hiyo hamumujui," alisema.

"Tunamjua, mama. Tunamjua sana. Ila si kwa maandishi." Astère aliona aibu, na kwa kuwa aliona aibu aliuliza swali la kijinga. "Na darubini? Wameichukua?"

"Iko kwa meza ya komanda."

"Ilitoka kwa wafadhili," Astère alisema polepole. Alimsindikiza mpaka barabarani, akampa mkono kwa mikono yake miwili.

*

Madaftari yalikuwa chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati ambalo Raihana alilifagia kando miaka yote bila kulifungua. Yalikuwa kumi na tisa. Kila ukurasa ulikuwa na namba na mhuri wa chama, ili mchunguzi asiweze kunyofoa karatasi na kusahihisha hesabu yake nyumbani. Alikaa sakafuni mchana ule wa Jumamosi akayafungua. Alitaka tu kuona kama wino umechakaa vya kutosha.

Mwandiko wa Anouar ulikuwa wa mtoto wa shule mwenye bidii. Kila ukurasa ulikuwa na safu nne: ndege, idadi, mahali, na ya mwisho, usumbufu. Raihana alisoma safu ya ndege kwa juujuu. Alipofika ile ya usumbufu alianza kusoma polepole. Kiboko, saa moja kasoro. Mbwa wawili. Wanawake wanakata matete. Kisha, katika madaftari ya miaka miwili ya mwisho, kitu kimoja kilianza kurudi mwezi hadi mwezi. Alisoma mpaka mwisho, akarudi nyuma, akasoma tena. Halafu alitoka uani.

"Nsimire. Njo ndani kidogo."

Nsimire aliingia akijifuta mikono. Hakujua kusoma, kwa hiyo Raihana alimsomea.

"'Mfereji wa tatu, nyuma ya mkoche uliokatika kichwa. Pirogi moja, watu wawili. Jumanne, saa kumi na moja na dakika arobaini. Kulasitara thelathini na tano wameruka.' Iyi ni mwezi wa tano. Mwezi wa sita: 'Mfereji wa tatu, pirogi moja, Jumanne.' Mwezi wa saba. Mwezi wa tisa. Yote ni pale, yote ni Jumanne."

Nsimire alikaa kitandani. "Ni Birindwa," alisema.

Birindwa alikuwa mumewe. Tangu nchi ilipowekewa vikwazo vya biashara alivuka kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na sukari na petroli, akipita kwenye matete kwa sababu mpaka wa barabarani ulikuwa umefungwa kwa watu wa aina yake. Kila Jumanne alfajiri alifika hapo mferejini. Kila Ijumaa usiku alirudi ng'ambo. Hakuwa muasi wala askari. Pirogi yake, mtumbwi wa mbao, iliwahi kutoboka, na ni Anouar aliyeipiga kiraka cha bati na misumari, uani hapo hapo, bila kumtoza kitu.

"Papa Hayat alikuwa anamuona," Nsimire alisema.

"Miaka miwili. Hakumutaja jina hata mara moja."

"Kumutaja jina ni ya nini tena, kama amewaonyesha mulango na saa?"

Nsimire alichukua daftari, akaligeuzageuza mikononi.

"Tupasue iyi makaratasi."

"Iko na namba. Iko na mhuri. Ataona zimekosekana, atasema bwana yangu alificha kitu."

"Basi ngojea. Jumanne asubui Birindwa anafika apa. Akishafika, we peleka, mi mwenyewe nitakusaidia kubeba sanduku."

"Gari ni Jumatatu, Nsimire."

"Najua gari ni Jumatatu!" Alipandisha sauti, kisha akakumbuka mtoto yuko nje, akaishusha. "Bwana yako ni mutu wa kuhesabu ndege. Bwana yangu analeta sukari. Ile sukari unaweka mu uji, unampelekea kule kambini, inatoka wapi? Unafikiri inatoka mbinguni?"

"Najua inapotoka."

"Basi?"

"Basi sijue," Raihana alisema, na akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, kwa sababu alikwisha kujua atafanya nini na alijua kwamba Nsimire naye amekwisha kujua. Nsimire hakumbembeleza. Alisubiri mpaka amalize.

Raihana alipomaliza alifungua kabati, akatoa kitenge kipya ambacho Anouar alimnunulia kwa ajili ya Idi, bado kimekunjwa na karatasi yake.

"Kesho asubui nenda Kajaga kwa Jovithe. Umupe iki. Avuke, au atume mutu, wamwambie Birindwa asikuje Jumanne. Asikuje tena kabisa pale. Mi nitangoja mpaka Jumatatu asubui. Zaidi ya apo siwezi."

Nsimire alikitazama kitenge kwa muda. Ilikuwa vigumu kwake kukipokea na vigumu zaidi kukikataa. Alikipokea.

*

Jumapili jioni Nsimire alirudi kutoka Kajaga na vumbi magotini. Jovithe amekubali, alisema. Amekipokea kitenge, amesema atavuka mwenyewe kabla ya magharibi.

"Alhamdulillah," Raihana alisema. Alimmiminia uji. Nsimire alikunywa wote, akasema asante, akaenda kulala mapema.

Jumatatu saa mbili asubuhi Raihana alilipakia sanduku kwenye baiskeli ya Anouar akaisukuma mpaka kambini. Kwenye kila kizuizi alifungua sanduku, na kwenye kila kizuizi askari walisoma majina ya ndege kwa sauti wakachekeana. Mmoja alitaka kujua kama mwari analiwa. Raihana alisema hajui.

Komanda alisoma muda mrefu. Alianza na la mwaka 1990 kama mtu anayetimiza wajibu, akalipita, akalipita la pili na la tatu, akapiga miayo. Raihana alisimama, maana hakupewa kiti. Kwenye daftari la kumi na tano komanda aliacha kupiga miayo. Alirudi nyuma kurasa mbili. Aliita mtu kwa Kirundi, akaletewa penseli na karatasi nyeupe, akaanza kuchora: mstari wa mto, mistari midogo mitatu, kijiti kimoja kisicho na kichwa.

"Bwana yako anaandika muzuri," alisema bila kuinua macho. "Waaskari wangu wangekuwa wanaandika ivi, tungelala."

"Ni ndege tu, komanda."

"Ni ndege. Nimeona. Ni mutu mwaminifu kabisa." Alitenga madaftari matano ya mwisho upande wake wa meza, yale mengine akayarudisha sandukuni kwa adabu. "Anarudi nyumbani leo."

Raihana alisema asante. Alisema mara mbili, na ya pili aliisikia mwenyewe.

*

Walimtoa saa kumi na moja jioni, baada ya gari kuondoka na wengine. Alipofika nyumbani zilikuwa zimebaki dakika chache kabla ya adhana. Hayat alimshika mguu hakumwachia. Anouar alikunywa maji, akala tende moja upande wa mdomo usiouma, na ndipo alipolifungua sanduku akahesabu madaftari.

"Iko kumi na nne," alisema.

"Wamebaki na tano."

"Zipi?"

"Za mwisho."

Anouar aliweka kikombe chini. "Ile kolone ya usumbufu. Waliisoma?"

"Walichora na ramani."

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, na Nsimire alikuwa amekaa kizingitini akiwatazama, mikono juu ya mapaja.

"Jovithe amepeleka habari," Raihana alisema haraka. "Jana. Nsimire mwenyewe alienda."

"Umemuona Jovithe anaingia mu maji?" Anouar alimwuliza Nsimire.

"Apana. Alisema anangoja jua lishuke."

Anouar alisimama, akaishika baiskeli. "Naenda Kajaga."

Kuvrefe, marufuku ya kutembea usiku, ilikuwa inaanza saa moja, na saa moja haikuwa mbali. Raihana aliufunga mlango wa ua kwa ufunguo, akautumbukiza ufunguo kifuani mwake. Alisimama mbele ya mlango na mgongo wake umeugusa.

"Umetoka leo," alisema. "Leo, papa Hayat. Na jicho halijafunguka. Ukirudi pale usiku uu, mi sina sanduku ingine ya kupeleka."

"Toa ufunguo."

"Sitoi."

Angeweza kumnyang'anya. Alikuwa na nguvu kuliko yeye hata kwa mbavu zile zilizopigwa. Angeweza kupanda ukuta, ambao haukuwa mrefu. Alisimama na baiskeli mkononi mpaka adhana ikaisha, na tairi la nyuma, ambalo hakuna aliyekumbuka kulijaza, lilikuwa limelala kabisa. Kisha aliirudisha baiskeli ukutani. Nsimire, aliyekuwa ameyaona yote, aliingia ndani akafunga mlango wake bila kuubamiza.

*

Jumanne Birindwa hakufika. Hilo lenyewe lingeweza kuwa habari njema: kama amepata ujumbe, hakutakiwa kufika. Nyumba nzima ilikaa siku ile ikijishikilia kwenye wazo hilo. Nsimire hakwenda sokoni. Raihana aliweka sukari kidogo kwenye uji, kisha akaona haya, akaongeza.

Jumatano asubuhi Jovithe alisimama mlangoni. Hakuingia. Mkononi alikuwa na kitenge, kimekunjwa vilevile, na karatasi yake.

"Waaskari walifunga ufuko Jumapili, mbele jua halijashuka," alisema. "Hakuna pirogi iliyotoka. Ata jana haikutoka. Mi siwezi kukaa na kitu cha mutu kama kazi sikuifanya."

Alikinyoosha. Raihana alibaki ameshika mlango. Nsimire ndiye aliyetoka, akakipokea, akakiweka juu ya ukuta wa ua palipokuwa na jua, akaingia chumbani kwake. Jioni aliwasha moto wake mwenyewe kwenye bati kuukuu, kando ya mlango wake. Kitenge kilikaa ukutani mpaka mvua ya usiku ikakilowesha, na Idi ilipofika Raihana alivaa cha zamani.

*

Nsimire hakuhama. Watu walimshauri arudi Bukavu kwa ndugu zake, naye alisema kama Birindwa yuko hai, nyumba anayoijua ni hii. Alilipa chumba chake. Alisalimia asubuhi na jioni. Anouar alikarabati pikipiki za watu na hakugusa sanduku.

Mwezi wa saba Astère alikuja mwenyewe Bwiza, amefurahi. Ruhusa ya kuingia Rusizi imetoka, tena bila shida, kwa barua ya komanda aliyesema chama hiki ni cha watu waaminifu. Darubini imerudi. Watahesabu Julai na askari wawili wa kuwasindikiza, kwa kuwa sasa kuna kituo cha kudumu cha jeshi mdomoni mwa mfereji wa tatu. "Bila wewe hakuna hesabu," alimwambia Anouar. "Unajua hivyo."

Anouar alisema amechoka. Astère alisema kuna ndege wa kukata maji kwa mdomo, wale wanaotaga mchangani tu, ambao miaka mitatu hawakutaga. Mwaka huu wanataga. Viota kumi na moja. Anouar aliinua kichwa bila kupenda, akauliza ni mchanga upi.

Akaenda. Alihesabu siku mbili, mwari kwa mwari. Haikuwahi kuonekana idadi kama ile tangu 1990. Kwenye mkutano wa chama Astère aliisoma taarifa kwa sauti: ndege elfu nne mia tatu na kumi na wawili, na usumbufu wa binadamu umeshuka mpaka sifuri. Watu walisimama wakapiga makofi. Anouar alipewa cheti chenye picha ya mwari, akakibeba nyumbani ndani ya daftari ili kisikunjike.

Alipofika uani alimkuta Nsimire anaanua nguo. Raihana alikuwa anapepea mbabula.

"Ulifika ku mufereji wa tatu?" Nsimire aliuliza.

"Nilifika."

"Uliona nini?"

Anouar alishika daftari kwa mikono miwili.

"Usiniambie wewe," Nsimire alisema. "We utaniurumia. Ile unaandika, hauurumie mutu." Alilichukua daftari kutoka mikononi mwake, cheti kikaanguka, akalipeleka kwa Raihana. "Nisomee. Na usiruke kitu."

Raihana aliweka upepeo chini, akapangusa mkono kwenye kanga, akatafuta ukurasa. Alimtazama mumewe. Anouar alikuwa anatazama ardhini, na kutoka hapo Raihana alijua kwamba kitu kimeandikwa. Angeweza kuruka mstari. Nsimire asingejua kamwe.

"'Mfereji wa tatu,'" alisoma. "'Nyuma ya mkoche uliokatika kichwa. Saa kumi na mbili na robo. Kulasitara sitini na moja. Yangeyange mia moja na nne. Mnandi tisa...'"

"Endelea."

"'Mnandi tisa, wanakausha mabawa juu ya pirogi iliyopinduka. Pirogi ina matundu ya risasi. Ina kiraka cha bati, misumari kumi na miwili.'"

Mkaa ulilia kidogo kwenye mbabula. Nsimire alikunja shati alilokuwa ameshika, shati la kiume, akalikunja tena likawa dogo zaidi.

"Misumari kumi na miwili," alisema. "Niliishika kopo ya misumari mimi mwenyewe, siku ile." Kisha aliuliza: "Na kule kwa usumbufu? Aliandika nini?"

Raihana alipitisha kidole mpaka safu ya mwisho, ingawa alikuwa amekwisha kuiona.

"Aliandika: hakuna."